Njia ya Bukindo Isipotee

Mtu akishuka melini Nansio, akaliacha soko nyuma yake na kushika njia ya kaskazini, hahitaji gari wala mwenyeji wa gharama kubwa ili aione historia ya Ukerewe. Mwendo ni mwepesi. Njia itampitisha penye mashamba ya mihogo, chini ya michungwa na miembe, na kati ya majabali makubwa ambayo mgeni huyastaajabia na mwenyeji huanika udaga juu yake. Akiondoka alfajiri, kabla jua halijawa kali atakuwa amefika Bukindo, penye nyumba ya ghorofa yenye baraza za nguzo, iliyojengwa katika miaka ya 1920 kuwa makao ya Omukama Gabriel Ruhumbika.

Leo twataka kusema juu ya njia hiyo na nyingine zinazofanana nayo katika mwambao wa Ziwa. Machoni pa wengi jambo hili ni dogo. Kwa maoni yetu si dogo hata kidogo, kwa sababu kila mwaka unaopita bila uamuzi, vitu viwili huzidi kututoka mikononi: majengo yanayosimulia tulikotoka, na haki ya mwananchi ya kufika majini kwa miguu yake mwenyewe.

Twajua kwamba wako watakaotuuliza: Je, Chama cha wakulima na wafanyakazi kina haja gani na ikulu ya mtemi? Swali hilo ni la haki. Mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria mwaka 1963, na hapana mwananchi mwenye akili timamu anayetamani yarudi. Chini ya utawala wa Waingereza chifu aliwekwa kati ya mkoloni na watu wake, akaifanya kazi ya kukusanya kodi ambayo mkoloni hakutaka kuifanya kwa mkono wake. Hayo yote twayakubali. Lakini jengo la namna ile, katika zama zile, halikusimama kwa fedha ya mtu mmoja. Nyuma yake kulikuwa na kodi ya mkulima na jasho la mbeba mawe. Basi tukiliacha lianguke kwa kuwa lilikuwa la mtawala, tutakuwa tumewadhulumu mara ya pili wale waliolijenga.

Katika vyuo vya Kurani tulifundishwa tangu utotoni kwamba mwanadamu yampasa kwenda katika ardhi na kuzingatia yaliyowapata waliomtangulia. Katika shule za Serikali tulifundishwa kwamba taifa lisilojua historia yake halijui linakokwenda. Mafunzo hayo mawili yanakutana juu ya njia ya Bukindo. Mwanafunzi anayesoma juu ya utawala wa wenyeji chini ya ukoloni hulisahau somo akishatoka mtihanini. Akipelekwa akaziona baraza zile, akaambiwa nani aliketi juu na nani alisimama chini, hatasahau.

Na Bukindo si peke yake. Iko Kagunguli, ambako jina la Mzee Aniceti Kitereza lingali likitajwa kwa heshima. Mzee huyo, aliyezaliwa mwaka 1896, alikamilisha kwa Kikerewe, mnamo mwaka 1945, kitabu kikubwa cha habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaweka humo kilimo, uvuvi, dawa, ndoa na adabu za Wakerewe wa kale. Kitabu hicho kilichapishwa kwa Kiswahili na Tanzania Publishing House mwaka 1980, miaka 35 baadaye. Mwandishi alifariki mwaka 1981 kabla hajakishika mkononi.

Habari hiyo hatuisimulii kwa ajili ya kuhuzunisha watu. Twaisimulia kwa sababu ni mfano wa tabia yetu. Tunathamini kitu kikishapita. Ndugu zetu wa Zanzibar wanalijua hilo kwa uchungu. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba, 2020, wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha yao. Lile lilikuwa jumba mashuhuri ndani ya Mji Mkongwe, mji uliomo katika orodha ya urithi wa dunia. Kama lile liliweza kuanguka mbele ya macho ya dunia nzima, nyumba ya kisiwani isiyo na mtetezi itasalimikaje? Mvua za Ziwa hazingoji bajeti.

Jambo la pili ni ukingo wenyewe wa Ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita hizo 60 zimewekwa kwa ajili ya kuhifadhi maji na mazalio ya samaki. Lakini mtu mwenye kufikiri ataona kwamba sheria hiyo, ikitekelezwa, inatuachia pia kitu kingine, nacho ni ukanda wa wazi ambao mvuvi, mchota maji, mtoto wa shule na mgeni wote wanaweza kupita. Ukingo ukishazungushiwa ukuta, mkulima aliyekuwa akifika majini kwa hatua mia atalazimika kuzunguka, na mwisho wake ataambiwa kwamba yeye ndiye mvamizi. Tunayaona mambo ya namna hiyo yakianza katika mwambao, na twasema bila kigugumizi kwamba hayafai.

Wako pia wanaoamini kwamba utalii hauwezi kuja bila hoteli kubwa na mwekezaji mwenye fedha nyingi. Sisi hatuwapingi wawekezaji wenye nia njema. Lakini tutazame tulivyonavyo. Karibu kabisa na jiji la Mwanza kipo kisiwa cha Saanane, kilichofanywa bustani ya wanyama mwaka 1964 na kupandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Eneo lake halifiki kilomita tatu za mraba, na watu huvuka kwa mashua, wakatembea juu ya majabali, wakarudi mjini siku ile ile. Bujora, karibu na Kisesa, iko makumbusho ya Wasukuma iliyoanzishwa na Padri David Clement, ambamo mgeni hutembea kutoka nyumba hadi nyumba akiona ngoma, viti vya watemi na kazi ya mhunzi. Anayekwenda Saanane au Bujora hutafuta njia safi, maelezo ya kweli na mtu wa kumkaribisha. Hayo Ukerewe inayaweza.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo kwa wahusika wote.

Kwanza, Halmashauri ya Wilaya ya Ukerewe, ikishirikiana na Idara ya Mambo ya Kale na ukoo wa watawala wa zamani, ikubaliane kwa maandishi juu ya hifadhi ya Bukindo: nani anatunza, nani anafungua mlango, na fedha ya kiingilio inakwenda wapi. Heshima ya ukoo ilindwe, na haki ya umma ilindwe vile vile.

Pili, njia za kutembea kwa miguu kutoka Nansio hadi Bukindo, kuelekea Kagunguli, na kuufikia msitu wa Rubya na ufuko wake, ziandikwe katika mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji. Njia isiyoandikwa ni rahisi kulimwa, na ni rahisi zaidi kuuzwa.

Tatu, vijana wa vijiji husika wafundishwe kuwaongoza wageni. Wazee wasimulie, na vijana waandike. Pia wageni waambiwe ukweli: kwamba kichocho kimo majini na mamba wapo, na kwa hiyo matembezi ya ukingoni si ruhusa ya kuoga popote.

Nne, na hili ni kubwa kuliko yote, vyombo vya majini viwe salama. Hakuna matembezi ya Ukerewe wala ya Ukara yasiyoanza kwa kuvuka maji. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na kwa hesabu ya Serikali watu 228 walipoteza maisha. Wengi wao walikuwa watu wa visiwa hivi hivi. Atakayemkaribisha mgeni kisiwani kabla ya kumhakikishia mwenyeji safari ya salama atakuwa amegeuza mambo juu chini.

Kwa wananchi wa visiwani tunalo neno moja. Baadhi yetu tumezoea kusema kwamba kutembea pasipo shughuli ni kazi ya Wazungu na watu wasio na jembe. Tuiache dhana hiyo. Mfanyakazi wa Nansio anayeichukua familia yake siku ya Jumapili kwenda Bukindo kwa miguu, akawaonyesha watoto mashamba, majabali na nyumba ile ya kale, amefanya shughuli kubwa. Amewarithisha kitu. Naye kiongozi anayetaka kujua hali ya njia zetu, tunamshauri aliache gari lake Nansio, avae viatu imara na aifuate njia kwa miguu. Tunaamini kwamba atakaporudi hatahitaji tahariri nyingine.