Lori la Mume, Dhahabu ya Mke



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana tena katika safu hii. Tunamswalia na kumsalimia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye kabla ya kupewa utume alisafiri hadi Sham na mali ya Bibi Khadija (R.A.), akairejesha pamoja na faida yake na hesabu yake. Mwenye mali alikuwa mwanamke, msafiri alikuwa mwanamume, na kila mmoja alijua chake ni kipi. Kisa hicho kinatufaa wiki hii, kwa kuwa tunazungumza na nyumba za madereva wa malori, khususan zile ambazo dereva ndiye mwenye lori, na ndani ya lori hilo mna dhahabu ya mkewe.

Huku kwetu nyumba hizo si chache. Kuanzia Changamwe na Jomvu, kupitia Miritini na Mazeras hadi Mariakani, familia nyingi zinalishwa na mizigo inayoshuka Kilindini. Kijana huanza akiwa tanboi, akapata leseni, akaendesha lori la tajiri kwa miaka, kisha akaingiwa na hamu ya kuwa na lake. Hamu hiyo ni ya heri. Anayetaka kula jasho lake bila ya kuamrishwa na mtu halaumiwi. Ila fedha alizoweka hazitoshi, na hapo ndipo mke hufungua kasha. Bangili alizovishwa siku ya harusi, mkufu alioachiwa na mamake, pengine hata mahari yake yenyewe, vyote hupelekwa kwa sonara. Lori likaja, likasomewa dua, na jina linaloandikwa katika hati ya gari ni la mume peke yake.

Hatusemi kwamba mke amefanya vibaya kumsaidia mumewe. Tunasema kwamba msaada huo aghalabu hauandikwi, wala hausemwi ni wa namna gani, na ukimya huo ndio unaokuja kuwatoa machozi wajane na mayatima.

Kwanza na tuitazame kazi yenyewe, maana mke anayeweka mali yake mahali ana haki ya kujua mahali hapo pakoje.

Dereva wa kuajiriwa hupokea mshahara na fedha za njiani, na lori likiharibika, hasara ni ya tajiri. Mwenye lori lake ndiye tajiri, ndiye dereva, ndiye karani, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuingia chini ya gari na spana mkononi. Mzigo hutafuta mwenyewe, au huupata kwa dalali ambaye hukata chake mwanzo. Hupewa sehemu ya malipo mbele kwa ajili ya dizeli. Iliyobaki huingojea mpaka mzigo ufike, hati zirudi zikiwa na saini, na kontena tupu lirejeshwe. Baada ya hapo huenda akaambiwa asubiri mwezi, au miwili.

Njia nayo ina mambo yake. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, na kufika Malaba mpakani mwa Uganda ni karibu mara mbili ya hizo. Hata hajatoka Pwani, dereva hukutana na mizani ya Mariakani. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, lori pamoja na mzigo wake halifai kuzidi tani 56, na kila ekseli ina kipimo chake. Mzigo ukipangwa vibaya ndani ya kontena, ekseli moja huweza kuzidi ijapokuwa jumla ni sawa, na faini hulipwa na mwenye lori. Atapumzika Mackinnon Road, aswali katika msikiti ule mashuhuri wa wasafiri, aendelee hadi Voi na Mtito Andei. Sheria ya Kenya inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Lakini mwenye lori hana wa kumkataza ila nafsi yake, na nafsi yenye deni haitaki kulala. Mke anayempigia simu mumewe usiku kumuuliza kama amelala anailinda roho, na anailinda mali pia.

Jambo linaloziponza nyumba hizi zaidi ni kudhani kwamba fedha ya safari ni faida. Mume hurudi na bunda la noti, au simu ikalia kuonyesha kiasi ambacho mwalimu hakipati kwa miezi, na nyumba nzima ikajiona imeneemeka. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo si ya nyumba. Ni ya dizeli ya safari ijayo, ya bima, ya breki na vipuri, ya tanboi, na ya deni la benki. Lori la ekseli sita lenye trela lina matairi 22, na kila tairi linalozunguka linapungua. Asiyeweka akiba ya matairi baada ya kila safari, siku yakiisha yote pamoja atakopa. Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kwa lori msemo huu ni kweli tupu. Nyumba iwe na daftari moja: safari hii imeingiza ngapi, imetoa ngapi, akiba ya lori ni ngapi, ujira wa dereva ni ngapi. Ujira huo ndio wa kula. Mke anayejua hesabu za duka la nyumbani anaweza kulishika daftari hilo bila ya tabu.

Kisha kuna misukosuko ambayo haimuulizi mtu. Mwaka 2018 treni ya mizigo ya reli mpya ilianza kazi. Mwaka 2019 ikatolewa amri kwamba mizigo ya bara ipelekwe kwa reli, na watu wa Mombasa wakaandamana huku malori mengi yakiwa yameegeshwa. Mwaka uliofuata mahakama ikaibatilisha amri hiyo, lakini mwaka huo huo ukaja ugonjwa wa korona, na foleni za malori kule Malaba zikafika makumi ya kilomita, madereva wakisubiri kupimwa. Katika siku zote hizo lori lilisimama, na tarehe ya kulipa deni haikusimama.

Basi mke aliyetoa dhahabu yake ameitia katika kazi yenye hatari, na hatari hiyo ni yake pia. Je, haki yake inajulikana?

Sheria yetu tukufu inasema mali ya mwanamke ni yake. Ndoa haiifanyi kuwa ya mume. Katika Surat an-Nisaa, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ameamrisha wanawake wapewe mahari yao, na akahalalisha kwa mume kile tu ambacho mke amekitoa kwa ridhaa ya nafsi yake. Kwa hiyo dhahabu inapotoka kasani, ni lazima iwe mojawapo ya mambo matatu. Ama ni hiba, yaani mke ametoa na hadai kitu. Ama ni deni, ambalo mume atalilipa. Ama ni ushirika, yaani mke ana sehemu yake katika lori lenyewe. Yote matatu ni halali. Lisilofaa ni kuacha bila kusema, kila mmoja akaweka lake moyoni.

Tuchukue mfano ili tofauti ionekane. Tuseme lori lilinunuliwa kwa shilingi 4,000,000, na katika hizo, 800,000 zilitokana na dhahabu ya mke, yaani sehemu moja ya tano. Baadaye mume akafariki akiacha mke huyo mmoja na watoto, hana deni jingine wala wasia, na lori likathaminiwa kuwa 4,800,000.

Ikiwa dhahabu ilikuwa hiba, lori lote ni mali ya marehemu. Mke atapata thumni yake, sehemu moja ya nane, ambayo ni 600,000.

Ikiwa ilikuwa deni, deni hulipwa kabla ya kurithi. Mke atalipwa 800,000 zake kwanza, zibaki 4,000,000, na thumni yake humo ni 500,000. Jumla amepata 1,300,000.

Ikiwa ilikuwa ushirika, sehemu moja ya tano ya lori haikuwa ya marehemu tangu mwanzo. Mke atachukua 960,000 zake, zibaki 3,840,000, na thumni yake ni 480,000. Jumla amepata 1,440,000.

Lori ni lile lile, dhahabu ni ile ile, na mjane ni yule yule. Tofauti kati ya 600,000 na 1,440,000 imetokana na neno moja lililosemwa au lisilosemwa. Na ikiwa marehemu ameacha wake wawili, thumni ile hugawanywa baina yao, na aliyetoa bangili zake akiwa hana ushahidi huwa sawa na asiyetoa kitu.

Tukumbuke pia hali ya mjane mwenyewe. Yumo edani miezi minne na siku kumi, na moyo umevunjika. Lori lipo gereji au njiani, na ufunguo uko kwa tanboi au kwa shemeji. Jamaa wanalizungumzia lori la ndugu yao, kisha naye aseme kwamba mna dhahabu yake humo. Wengine watamsadiki, wengine watamwona mroho. Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya Kenya katika kifungu cha 170 imeipa mamlaka juu ya mirathi yetu, itamsikiliza, lakini kadhi naye atamuuliza: ushahidi u wapi?

Mwenyezi Mungu hakutuacha gizani katika hili. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Surat al-Baqara, inahusu kuandikiana deni. Imeamrisha kuandika, likiwa dogo au kubwa, na kushuhudisha wanaume wawili, au mwanamume mmoja na wanawake wawili. Na imeeleza kwamba anayetoa maneno ya kuandikwa ni yule anayedaiwa. Akina baba, hapo pana mazingatio. Hakuna haja ya kungoja mke aombe karatasi, akionekana kana kwamba hana imani. Mume aliyepokea ndiye wa kuanza kusema: mke wangu, njoo tuandike. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiletewa jeneza huuliza kama maiti ana deni kabla ya kumswalia. Deni la mke ni deni kama la mwengine yeyote.

Waraka wenyewe si mgumu. Uandikwe tarehe, uzito wa dhahabu na thamani yake siku ile, na kama ni hiba, deni au ushirika. Kama ni deni, lielezwe kama litalipwa dhahabu au shilingi, na kwa muda gani. Kama ni ushirika, ielezwe sehemu ya kila mmoja, ujira wa mume kwa udereva wake, na namna watakavyobeba hasara, kwa sababu mshirika wa faida ni mshirika wa hasara. Sura hii ina masharti yake katika fiqhi, kwa hiyo waende kwa sheikh kabla ya kutia saini. Mashahidi watie saini, na kila mmoja abaki na nakala yake. Inapowezekana, jina la mke mshirika liingie katika hati ya umiliki wa gari pamoja na la mumewe.

Wale ambao lori wamelinunua muda mrefu nyuma wasiseme wamechelewa. Madhali wote wawili wahai, wakae leo wakubaliane, waandike. Na wanaokusudia kununua kwa mkopo wajiepushe na riba. Tangu mwaka 2008 ziko benki nchini zinazofuata sharia, ambazo katika murabaha huweza kununua lori na kumuuzia mteja kwa bei inayojulikana, alipe kwa awamu. Mke naye aisome karatasi hiyo kabla ya mume kuitia saini. Waulize bima waliyonayo inalipa nini, maana ile ya lazima humfidia mtu wa tatu aliyedhurika, wala haimrudishii mwenye lori lori lake.

Huenda dada mmoja akasema: nikimwambia tuandike, atadhani simpendi. Tunamjibu kwamba mume huyo huyo, akipakia kontena bandarini, huhesabu lakiri, husoma hati na kutaka saini ya kila anayeupokea mzigo, na hakuna anayeona kwamba ametukanwa. Ni amana, na amana hulindwa kwa maandishi. Dhahabu ya mkewe haistahiki heshima iliyo chini ya mzigo wa mtu asiyemjua.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi madereva wetu barabarani, awarejeshe salama kwa watoto wao, azibariki riziki zao za halali, na atujaalie kuwa katika wanaotekeleza amana.

Wabillahi tawfiq.