Mti Hauna Tumbo



Juma lililopita nilikuwa nikipeleka barua ya Padre kigangoni. Kando ya shamba la chai nikamkuta kijana akipasua betri kuukuu ya gari apate risasi ya kuuza, na maji yake akiyamwaga papo hapo. Nikamkanya. Akacheka, "Karani, mti hauna tumbo la kuumwa!"

Kweli, mti hauna tumbo. Lakini sisi tunywao chai tunalo. Tena mti nao huumia.

Mchai hupenda udongo wenye asidi. Asidi hiyo hiyo huyeyusha madini mazito kama risasi na kadmi, na mizizi huyanywa pamoja na maji. Ndani ya mti mna vimeng'enya, yaani vitu vidogo sana viendeshavyo kazi ya kutengeneza chakula chake na rangi yake ya kijani. Madini hayo huving'ang'ania, kama mchanga ulioingia katika kufuli: ufunguo haugeuki tena. Yakizidi, majani huwa manjano na mti hudumaa.

Hata hivyo mchai hujitetea. Risasi nyingi huizuia mizizini, na chipukizi huwa na kidogo kuliko majani makuukuu. Basi, uchumapo majani mawili na chipukizi, unachuma pia kilicho safi zaidi.

Lakini lipo vumbi. Chai haioshwi kiwandani. Ikitoka kikapuni huanikwa inyauke. Zamani magari yalichoma petroli yenye risasi. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha mwaka 2006, lakini risasi haiozi. Iliyoanguka kando ya barabara ingalimo udongoni.

Msikiogope kikombe chenu, maana maji ya moto hutoa sehemu tu ya risasi iliyo katika jani. Ila kumbukeni kwamba risasi, hata kidogo, hudhuru ubongo wa mtoto. Kwa hiyo betri ya gari isipasuliwe nyumbani wala shambani. Iuzwe ikiwa nzima. Oili chafu isimwagwe penye michai, wala taka zisichomwe hapo.

Yule kijana alinisikiliza, akaokota vipande vyote akavitia guniani. Kisha akainama kutazama pale palipolowa. Hapo hakuwa na la kuokota.

Ni mimi, Karani wenu wa Parokia.