Serikali Iliyogeuzwa Kuwa Bei

Aprili 2022, Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, lilitoa ripoti yake kuhusu namna ya kupunguza gesi joto. Nyuma ya grafu zilizonukuliwa kila mahali kulikuwa na hazina ya njia zaidi ya 3,000 ambazo dunia au sehemu zake zingeweza kuzipita katika karne hii, iliyotunzwa na taasisi ya IIASA huko Laxenburg, Austria. Njia hizo ni zao la modeli za kompyuta. Modeli huchukua idadi ya watu, ukubwa wa uchumi, gharama za mitambo na akiba ya makaa ya mawe, mafuta na gesi, kisha hutafuta namna nafuu ya kuipatia dunia nishati. Ili ipunguze uchafuzi, mtaalamu huiwekea kikomo cha hewa ukaa, nayo hupandisha bei ya kila tani mpaka kikomo kitimie. Katika njia nyingi, sera ya tabianchi ndiyo hiyo bei. Katika zile zilizorahisishwa zaidi, bei ni moja na inaanza siku moja Berlin, Jakarta na Dodoma, bila bunge kuijadili, bila uchaguzi kuitikisa, bila shirika la umeme lenye madeni kushindwa kuitekeleza.

Wengi huliona hili kuwa jambo la ufundi, la kuachiwa mafundi. Mimi naona ndipo maana nzima ya majibu inapoamuliwa. Modeli ya bei inatueleza kinachowezekana kwa gharama ndogo iwapo wote watatii. Waziri wa nishati ana swali jingine kabisa: sheria ninayotaka kuipeleka bungeni itapunguza kiasi gani, itamuumiza nani, na itadumu?

Tuitazame dunia ilivyo. Kwa hesabu za Benki ya Dunia za mwaka 2024, tozo za kaboni na masoko ya vibali vya uchafuzi viligusa takriban robo tu ya gesi joto inayozalishwa duniani. Australia ilianza kutoza mwaka 2012 ikafuta mwaka 2014. Ufaransa ilipotaka kupandisha tozo ya mafuta mwishoni mwa 2018, waandamanaji wa vizibao vya njano walifunga barabara, na tozo ikaganda kwenye yuro 44.60 kwa tani. Canada iliiondoa tozo ya mlaji Aprili 2025. Ipo Sweden, inayotoza tangu 1991, kwa hiyo siwezi kusema kwamba bei haiwezi kuishi. Lakini mtikisiko mkubwa wa soko la nishati ulitoka kwingine. Mwaka 2000 Ujerumani ilipitisha sheria ya kumhakikishia mzalishaji wa umeme wa jua bei maalumu kwa miaka 20. Wateja wakapatikana, viwanda vya China vikapanuka, na kati ya 2010 na 2019 gharama ya umeme wa jua ikashuka kwa asilimia 85. Modeli nyingi hazikuiona kasi hiyo ikija. Sababu mojawapo ni kwamba zilijua kuadhibu uchafuzi kwa bei, ila hazikujua vizuri kinachotokea serikali inapolea kiwanda kichanga mpaka kikomae.

Marekani imetoa somo lenye pande mbili. Agosti 2022 ilipitisha sheria iliyojaa nafuu za kodi kwa nishati safi, na watafiti waliziingiza nafuu hizo, kipengele kwa kipengele, katika modeli tisa. Jibu lilichapishwa mwaka 2023: ifikapo 2035 uzalishaji ungekuwa chini ya ule wa 2005 kwa asilimia 43 hadi 48. Kwa hiyo sheria halisi inaweza kuwekwa ndani ya hesabu. Kisha Julai 2025 sheria nyingine ikafuta au kufupisha nyingi ya nafuu zile. Modeli tisa zilitofautiana kwa pointi tano tu, kumbe shaka kubwa kuliko zote ilikuwa imekaa bungeni, na hakuna hata moja iliyokuwa na namna ya kuihesabu.

Kwa nchi zetu suala hili linaingia hadi jikoni. Mwaka 2016 watafiti waliotumia modeli ya IIASA waliitazama Asia Kusini wakauliza: sera kali ya tabianchi itamfanyia nini mtu anayepikia kuni? Walikuta kwamba gharama ya nishati safi ya kupikia ingepanda kwa asilimia 38 ifikapo 2030, na watu wanaobaki kwenye majiko ya kienyeji wangeongezeka kwa asilimia 21, isipokuwa ruzuku itolewe. Tanzania nayo, katika mkakati wake wa mwaka 2024, inataka asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na gesi ya mtungi ni sehemu kubwa ya safari hiyo. Bei moja ya kaboni ingeupandisha mtungi huo, wakati mkaa unaopimwa kwa kopo mtaani haufikiwi kirahisi na tozo yoyote. Modeli isiyo na ruzuku ya jiko ndani yake itatangaza ushindi wa tabianchi pale ambapo kina mama wamerudishwa kwenye moshi.

Ipo pia sera iliyofichwa ndani ya mlinganyo. Baadhi ya modeli zinazotafuta ustawi mkubwa wa dunia hutumia vipimo vya uzito vilivyopewa jina la mwanauchumi wa Japani, Takashi Negishi. Bila vipimo hivyo kompyuta ingegundua kwamba dola ina faida zaidi mkononi mwa maskini, na ingeihamishia huko. Vipimo vinaizuia. Pengo la leo linafanywa sharti la hesabu, ilhali ufadhili kwa nchi maskini ni sera kama nyingine yoyote, nayo imo katika Makubaliano ya Paris.

Wajenzi wa modeli watanijibu kwamba bei yao ni kivuli tu cha juhudi zote, na hakuna aliyesema itozwe hivyo. Wameandika hivyo mara nyingi, na tayari wapo wanaokokotoa njia za sera zilizopo na za ahadi za nchi. Hata hivyo kivuli hicho kina tabia ya bei: kinapunguza kwanza pale tani ilipo rahisi. Msitu wa nchi maskini unaweza kutangulia gari la nchi tajiri, na ramani hiyo ndiyo inayofika mezani kwenye mazungumzo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba siasa haitabiriki, na kuiingiza ni kujidai usahihi usiokuwepo. Lakini idadi ya watu na pato la mwaka 2100 navyo havitabiriki, na bado vimo. Wataalamu walitunga simulizi tano za maendeleo ya dunia, na katika ile ya mataifa yanayohasimiana hakuna modeli iliyofaulu kufikia malengo ya chini kabisa ya joto. Hapo siasa ilishaingia, nayo ilifundisha kitu. Vivyo hivyo zinaweza kuwekwa sheria inayoishi miaka 20, inayofutwa baada ya mitatu, na ile ambayo fedha zake zinachelewa.

Julai 2023, mjini Nairobi, IPCC ilimchagua Jim Skea kuongoza awamu yake ya saba. Wajumbe wetu wasisubiri ripoti ya awamu hiyo iishe kuandikwa. Wadai sasa kwamba kila njia itaje sera zake kwa jina: ruzuku ipi, kiwango kipi, nani analipa, na nini kinatokea ikifutwa. Na njia inayoonyesha Watanzania wakipunguza hewa ukaa mwaka 2035 ionyeshe pia wanapikia nini.