Injini Ikae Wapi?

Mabishano juu ya mahali panapoifaa injini ya gari ni ya siku nyingi. Wako wanaoapa kwamba gari la kweli ni lenye injini mbele. Wengine huisifu injini ya nyuma kwa jinsi inavyolisaidia gari kupanda mlima wenye utelezi. Kwa maoni yangu, swali likiulizwa hivyo halina jibu. Lifaalo kuulizwa ni hili: uzito wa gari umegawanywaje juu ya magurudumu yake, na ni nani awezaye kuubadili mgawanyo huo? Nitajaribu kuonyesha kwamba awezaye si mhandisi peke yake, na kwamba kwa sababu hiyo jambo hili lastahili nafasi katika madarasa yetu ya fizikia.

Tuanze na magari mawili yaliyozifahamu vema barabara za Afrika Mashariki. Volkswagen ndogo, iliyobuniwa na Ferdinand Porsche katika miaka ya 1930 na kuendelea kutengenezwa mpaka mwaka 2003, iliwekewa injini nyuma ya ekseli ya nyuma. Uzito wa injini uliyakandamiza magurudumu yale yale yaliyolisukuma gari, nayo yakashika ardhi hata penye matope. Peugeot 404 iliwekewa injini mbele, na nguvu zikapelekwa nyuma kwa shafti ndefu ipitayo chini ya sakafu. Uzito wake uligawanyika kwa usawa zaidi. Mwaka 1962 Volkswagen ilishinda mashindano ya Safari. Mwaka 1963 ikashinda Peugeot 404. Tope halikuonyesha upendeleo.

Njia ya tatu ilipata umaarufu mkubwa mwaka 1959, Alec Issigonis alipotoa gari la Mini huko Uingereza. Aliilaza injini kikingamo mbele, akaweka giaboksi chini yake, na kuyafanya magurudumu ya mbele yavute na kuongoza kwa pamoja. Hivyo gari lenye urefu wa mita 3 tu liliweza kuchukua watu wanne. Lakini hakuna faida isiyo na gharama: gari lipandapo mlima mkali, sehemu ya uzito huhamia nyuma, na magurudumu ya mbele yanayovuta hupungukiwa na mkandamizo.

Wako pia wanaoweka injini katikati, kati ya ekseli mbili. Maana yake ataielewa haraka mtu aliyewahi kubeba maji kwa mzega, yaani madebe mawili kwenye ncha za mti ulio begani. Kugeuka ghafla na mzega ni kazi. Na ukishageuka, kusimama ni kazi zaidi. Madebe yale yale ukiyakumbatia kifuani, utageuka kwa wepesi. Uzito ni ule ule, ila umekaribia mhimili wa mzunguko, na inesha ya mzunguko imepungua. Jack Brabham alipotwaa ubingwa wa dunia wa mbio za magari mwaka 1959, gari lake la Cooper lilikuwa na injini nyuma ya dereva lakini mbele ya ekseli ya nyuma. Gharama yake ni wazi: panapokaa injini hapawezi kukaa abiria.

Gharama ya kila uamuzi hudaiwa kwenye kona. Ili gari lipinde, matairi hayana budi kulisukuma kuelekea ndani ya kona. Kani inayohitajika huongezeka sawasawa na tungamo, lakini uwezo wa tairi kushika barabara hauongezeki kwa uwiano huo huo. Kwa hiyo, mambo mengine yakiwa sawa, upande mzito ndio utangulia kuteleza. Gari zito mbele huelekea kunyoosha kona. Gari zito nyuma huelekea kutupa mkia nje. Dereva akishtuka na kuachia mafuta ghafla, uzito huhamia mbele, matairi ya nyuma hupungua kushika, na mkia huzidi kutoka.

Kisa cha Chevrolet Corvair ya Marekani, iliyotolewa kwa mwaka 1960, kina funzo kubwa. Injini yake ilikuwa nyuma. Watengenezaji walielekeza kwamba matairi ya mbele yajazwe upepo wa pauni 15 tu kwa inchi mraba, na ya nyuma pauni 26, ili ulaini wa matairi ya mbele uufidie uzito wa mkia. Mwaka 1965 Ralph Nader alilishutumu vikali gari hilo katika kitabu chake. Ripoti ya serikali ya mwaka 1972 ikasema kwamba halikuwa hatari kuliko magari mengine ya rika lake. Vyovyote tutakavyohukumu, jambo moja labaki: mtu aliyezoea kujaza matairi yote manne sawasawa aliweza kuuvunja mlingano wa mhandisi kwa dakika chache, tena bila kujua.

Na sisi je? Chukua pikapu ambayo ekseli zake zimeachana mita 2.5. Pakia magunia mawili ya kilo 100 kila moja, kitovu chake kikiwa mita 0.5 nyuma ya ekseli ya nyuma. Tafuta momenti kwa kuifanya ekseli hiyo kuwa egemeo: 200 × 0.5 ni 100. Gawanya kwa 2.5, utapata 40. Ekseli ya mbele imepunguziwa mzigo wa kilo 40, na ya nyuma imeongezewa kilo 240. Usukani umekuwa mwepesi, breki za mbele zimepungukiwa na mkandamizo, na mkia umekuwa mzito. Utingo aliyepakia magunia hayo amefanya kazi ya kuhamisha injini, bila kushika spana.

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni ya sheria na polisi. Sheria hukataza kuzidisha mzigo. Lakini katika mfano wetu kosa si wingi wa mzigo, bali ni mahali ulipowekwa. Dawa ya kosa la namna hiyo ni elimu. Kanuni ya momenti aghalabu hufundishwa kwa rula na vijiwe, kisha husahauliwa mara baada ya mtihani. Mwalimu na aongeze kigari cha mbao na mizani ndogo chini ya kila ekseli, na wanafunzi walihamishe jiwe moja kutoka mbele mpaka nyuma ya ekseli ya mwisho, huku wakiandika vipimo. Watauona upande wa mbele ukipungua uzito mbele ya macho yao.

Katika magari mengi ya umeme betri nzito hutandazwa chini ya sakafu, kati ya ekseli, na kitovu cha graviti hushuka. Mahali pa injini pamebadilika, wala hapakosi kubadilika tena. Kanuni ya momenti itabaki ile ile. Kijana aliyeielewa shuleni, siku atakapokuwa dereva au mpakiaji, atajua kwamba gunia lisogezwapo mbele kwa mita moja laweza kuokoa maisha ya watu.