Nafasi za Utafiti Ng'ambo Ni Zenu Pia

Wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu, nawasihi muache kuzitazama nafasi za mafunzo ya utafiti ng'ambo kana kwamba zimewekewa watoto wa wengine. Ni kweli zipo zilizofungwa. Mpango wa RISE wa Ujerumani huwapokea vijana wa mataifa machache yaliyoendelea, na kulalamika hakutaufungua. Lakini zipo zisizouliza umezaliwa wapi. Kule Okinawa, kusini mwa Japani, taasisi ya sayansi iitwayo OIST humpokea mwanafunzi wa nchi yoyote akafanye utafiti kwa miezi miwili hadi sita. Nauli ya ndege wanalipa wao, malazi wanatoa wao, na kila siku ya kazi anapewa yeni 2,400 za kujikimu. CERN nayo, maabara ya fizikia iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kila kiangazi huchukua wanafunzi wa fizikia, kompyuta na uhandisi, hata kutoka nchi zisizo wanachama wake.

Mtauliza: sisi ambao hadubini moja tunaigombea darasa zima, tutapeleka nini huko? Pelekeni swali. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona maziwa ya aiskrimu yaliyotiwa kwenye jokofu yakiwa moto yakiganda kabla ya yale ya baridi. Wenzake walimcheka, na mwalimu pia. Hakunyamaza. Alipokuwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lake Dk. Denis Osborne, mhadhiri kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza shuleni, naye Osborne akaenda kulijaribu. Mwaka 1969 makala yenye majina yao wawili ilitoka katika jarida la fizikia, na wanasayansi wanalibishania jambo hilo mpaka leo. Yule kijana alianza na jokofu la shule tu!

Basi barua ya maombi usiijaze hamu yako ya kuona dunia. Soma walau makala mbili za profesa unayemtaka, kisha mweleze ni jambo gani humo limekukosesha usingizi na ungelichunguzaje. Pasipoti itafute sasa, kabla tangazo halijatoka. Kwa Mtanzania ni shilingi 150,000, na asiye na cheti cha kuzaliwa aanzie huko. Anayekudai fedha ili akupatie nafasi ni tapeli, mkimbie.

Nanyi wahadhiri, nasema nanyi kwa heshima. Mwanafunzi anayeomba barua akiambiwa "njoo kesho" hadi siku ya mwisho ikapita, aliyemnyima Okinawa ni mwalimu wake. Mwandikieni barua ya mapendekezo mapema, tena muandike mliyoyaona kwa macho yenu: jaribio alilolirudia bila kuambiwa, kosa la hesabu alilowaonyesha ubaoni. Sifa za nidhamu na bidii huandikiwa kila mtu, na profesa wa mbali hawezi kumtambua kijana wenu kwa hizo.