Machozi Yasiyofika Ulyankulu

Nimewasikia watu wa Tabora wakizungumza baada ya kutazama filamu za Rwanda ya mwaka 1994, hasa ile ya Mkanada Peter Raymont, Shake Hands with the Devil, iliyotoka mwaka 2004 na inayomfuata Jenerali Roméo Dallaire, aliyekuwa kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini humo, akirudi Kigali miaka kumi baada ya mauaji. Machozi yao ni ya kweli na nayaheshimu. Kinachonitia hasira ni maneno yanayokuja baada ya machozi. Mmoja anasema wazungu walituacha tufe. Mwingine anasema hiyo UN ivunjwe tu. Wa tatu, na huyu ndiye anayenichoma zaidi, anasema wale watu wana mambo yao ya kikabila tangu enzi na enzi. Kisha kila mtu anakwenda kulala, dhamiri yake nyeupe pe, kana kwamba kesi imesikilizwa na yeye hakutajwa.

Anayewalaumu wazungu ana hoja, na sitamnyang'anya. Tarehe 11 Januari 1994 Dallaire aliwaandikia wakubwa zake New York kwamba silaha zimefichwa Kigali na kwamba orodha za Watutsi zinaandaliwa. Akakatazwa kuzigusa silaha hizo. Tarehe 7 Aprili askari kumi wa Ubelgiji wakauawa, na Ubelgiji ikaamua kuondoka. Tarehe 11 Aprili wanajeshi wake waliokuwa wakilinda shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, walipanda magari yao wakaondoka, wakiwaacha watu wapatao 2,000 waliokimbilia hapo. Wauaji walikuwa wanasubiri nje ya uzio. Wengi wa watu wale hawakuiona jioni ya siku hiyo. Hilo halina utetezi, na anayelitazama bila kukasirika ana tatizo moyoni.

Lakini hebu tuende hadi mwisho wa hesabu. Tarehe 21 Aprili, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 912 la kukipunguza kikosi cha Dallaire kilichoidhinishiwa watu 2,548 hadi kibaki na watu 270. Wajumbe wote 15 waliunga mkono. Nigeria ilikuwamo. Djibouti ilikuwamo. Oman, ambako Waarabu wengi wa Tabora wana jamaa, ilikuwamo. Na Rwanda yenyewe ilikuwamo! Serikali iliyokuwa ikiwachinja raia wake ilikaa mezani mauaji yakiendelea, ikasikia kila kilichopangwa, ikapiga kura, na hakuna aliyeisimamisha mlangoni. Sasa nioneshe, ndugu mtazamaji, Mwafrika aliyeinua mkono siku ile kupinga.

Waliokataa kukimbia walikuwepo pia, na wengi walikuwa Waafrika. Waghana walibaki Kigali chini ya Brigedia Jenerali Henry Anyidoho, wakiwa na risasi chache na chakula cha kubahatisha. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegali alikuwa akiwapitisha watu kwenye vizuizi vya wanamgambo wa Interahamwe kwa ucheshi, kwa sigara na kwa ujasiri mtupu, hadi kombora lilipomuua tarehe 31 Mei. Hawa wanavunja ule uongo kwamba hapakuwa na la kufanya.

Na sisi? Mkataba wa amani wa Rwanda ulitiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993, msuluhishi akiwa Rais wetu Ali Hassan Mwinyi. Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wakati huo alikuwa Mtanzania, Salim Ahmed Salim. Ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda iliyotunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili ilikuwa inatoka Dar es Salaam, kwenye mkutano wa kumbana autekeleze mkataba huo. Hakuna nchi iliyokuwa karibu na jambo lile kuliko yetu. Tulifanya mema: tulisuluhisha, na mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 wakapokelewa Ngara. Lakini Desemba 1996 tukawatumia askari kuwarudisha Rwanda kwa mkupuo, mwenye damu mikononi na mwenye mtoto mgongoni, bila kuwatenganisha. Mtanzania anayeitazama filamu ile kama mgeni aliyealikwa msibani anajidanganya. Yeye ni mfiwa, na pengine ni shahidi.

Ndipo nafika kwa yule wa tatu, mwenye chuki yake ya tangu enzi na enzi. Huyu anaishi Tabora na haujui mji wake. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliivamia Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1916, yakapita Rwanda na Burundi, na vita yao kubwa ikaishia hapa hapa: Tabora iliangukia mikononi mwao tarehe 19 Septemba. Kwa ushindi huo Ubelgiji ilikwenda kwenye meza ya mabwana wa dunia ikadai malipo, ikapewa Rwanda na Burundi. Miaka ya 1930 ikawagawia watu vitambulisho vyenye kabila, na vitambulisho hivyo hivyo ndivyo vilivyoulizwa kwenye vizuizi mwaka 1994. Kwa hiyo ukisema mambo yao ni ya asili, unamfutia mkoloni kosa lake, na unamfutia kosa lake yule mwanasiasa wa Kigali aliyepanga, aliyeagiza mapanga na aliyefungua redio ya kuchochea. Mauaji ya kimbari ni kazi ya ofisi. Yana bajeti, yana orodha, yana watu wa zamu.

Tena mji huu hauna haki ya kusema "wale". Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita hapa Unyanyembe kwenda Ujiji na kuvuka ziwa hadi Manyema. Wapo Wamanyema Tabora ambao mababu zao walifika wakiwa wamefungwa minyororo. Wapo Waha, wapo Warundi waliokuja kutafuta vibarua, wapo Waarabu, na Wanyamwezi wenyewe walikuwa wapagazi waliolijua bara hili kwa nyayo. Huu ni mji wa watu waliofikishwa na barabara.

Sasa nisikilizeni kuhusu Ulyankulu. Toka Tabora mjini, elekea kaskazini magharibi, na kabla ya siku kuisha utakuwa katikati ya watu walionusurika mauaji ya kimbari ambayo hujawahi kuyalilia. Mwishoni mwa Aprili 1972 waasi wa Kihutu kusini mwa Burundi waliwaua Watutsi, pamoja na wanawake na watoto. Utawala wa Rais Michel Micombero ukajibu kwa kuwawinda Wahutu nchi nzima, ukianza na waliosoma: walimu, makarani, askari, mapadri, wanafunzi waliotolewa madarasani wakapakiwa kwenye malori. Makadirio ya waliouawa yanaanzia watu 100,000 na kufika hadi 300,000. Makumi ya maelfu walikimbilia kwetu wakapelekwa kwenye mapori ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kuyataja haya hakupunguzi hata nukta moja ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na yeyote anayeyatumia kwa kazi hiyo simtaki upande wangu.

Mwaka 1972 hapakuwa na kikosi cha kulaumiwa kwa sababu hakuna aliyetuma kikosi. Katibu Mkuu wa OAU, Diallo Telli, alikwenda Bujumbura mwezi Mei, damu ikiwa mbichi, akatangaza mshikamano wake na Micombero. Mwaka uliofuata, jeshi la Burundi liliposhambulia vijiji ndani ya mpaka wetu, wafanyakazi wa bandari wa Tanzania waligoma kushughulikia mizigo ya Burundi, na Micombero akalazimika kuja kwenye mazungumzo. Makuli, si mabalozi! Nawasifu hadi leo. Ila inaniuma kwamba mgomo ule ulisubiri damu ya Watanzania. Laiti mizigo ingekwama mwaka mmoja mapema.

Na ukimya wa mwaka 1972 ulizaa. Wakubwa wa Bujumbura walijifunza kwamba unaweza kuua kizazi kizima cha wasomi na kiti chako kikabaki salama. Tarehe 21 Oktoba 1993 maofisa wa jeshi la Burundi wakamuua Rais Melchior Ndadaye, Mhutu aliyechaguliwa na wananchi miezi michache tu kabla. Mauaji yakalipuka pande zote, mamia ya maelfu wakakimbia, wengi wao wakaingia Rwanda wakiwa na hasira ambayo wachochezi wa Kigali waliitumia. Anayetaka kuielewa Aprili 1994 na aanzie kwa wazee wa Ulyankulu.

Lakini wazee hao na vizazi vyao tunawafanyia nini? Serikali iliwapa uraia zaidi ya 162,000 kati yao, vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Ilikuwa hatua kubwa, na chache mno za mfano wake zimewahi kufanywa duniani. Hata hivyo mkulima wa tumbaku aliyezaliwa Ulyankulu, mwenye cheti mkononi, akikosana na jirani kwenye foleni anaambiwa arudi kwao. Jirani huyo huyo anayemwambia hivyo ndiye anayelia usiku mbele ya runinga na kuuliza dunia ilikuwa wapi.

Leo walinda amani ni watoto wetu. Tarehe 7 Desemba 2017, kambini Semuliki, mashariki mwa Kongo, waasi wa ADF waliwaua askari wasiopungua 14 wa Tanzania waliokuwa pale kwa jina la Umoja wa Mataifa. Hao walikufa wakifanya kazi ambayo mwaka 1994 wengine waliikimbia. Juni 2023 Umoja wa Mataifa huo huo ulitangaza kukirudisha nyumbani kikosi cha Watanzania 60 kutoka Biakombo, Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwa tuhuma za unyanyasaji wa kingono dhidi ya watu waliotumwa kuwalinda. Wa Semuliki tuliwapokea kwa bendera. Hawa wa Biakombo, ninyi mnaolaani UN, mmewahi kumwuliza nani habari zao?

Wabunge wa mkoa huu, wa Ulyankulu akiwa wa kwanza, wasimame bungeni. Wamwulize Waziri wa Ulinzi askari wetu wana amri gani raia wanapokimbilia langoni mwa kambi: wafungue, au wasubiri simu kutoka New York? Waulize kesi za Biakombo ziliishia wapi, na waathirika walilipwa nini. Wamwulize Waziri wa Elimu kwa nini mtoto anaweza kumaliza kidato cha sita Tabora bila kusikia habari za Burundi ya 1972, na walionusurika bado wako hai, umbali wa nauli ya basi. Maswali hayo yaulizwe kikao kijacho, kwa majina na kwa tarehe, na majibu yaandikwe kwenye Hansard.