Nafuu ya Kodi Isiyomfikia Maskini

Kila sheria mpya ya kodi inapopitishwa mjini Washington, Wamarekani huambiwa kwamba mfanyakazi wa kawaida ndiye aliyekusudiwa. Waliambiwa hivyo mwaka 2017, wakaambiwa tena tarehe 4 Julai 2025, Rais Donald Trump alipoitia sahihi sheria yake ya pili. Yafaa madai hayo tuyapime kwa hesabu, nayo si ngumu kwa mwanafunzi yeyote wa shule ya upili.

Tumchukue mama anayemlea mtoto mmoja peke yake, mhudumu wa mkahawani ambaye mapato yake, pamoja na bakshishi, ni dola 10,000 kwa mwaka. Serikali kuu haimdai kodi ya mapato hata senti moja, maana kipato chake hakifikii kiwango kinachotozwa. Hata hivyo, asilimia 7.65 hukatwa kugharimia pensheni na matibabu ya wazee. Hizo ni dola 765, na umaskini wake haumpunguzii chochote.

Sheria ya 2025 inaruhusu bakshishi ya hadi dola 25,000 kwa mwaka isitozwe kodi ya mapato. Ahadi tamu kweli kweli! Lakini mama huyu hakuwa akiilipa kodi hiyo. Amesamehewa deni asilokuwa nalo, na yale makato ya asilimia 7.65 yangali pale pale, hata juu ya bakshishi yenyewe.

Kubaya zaidi ni katika nafuu wapewayo wazazi, iliyoongezwa kutoka dola 2,000 hadi 2,200 kwa kila mtoto. Mume na mke wenye kipato cha dola 400,000 huipata yote. Mama yetu hurudishiwa asilimia 15 tu ya kipato kinachozidi dola 2,500, yaani dola 1,125. Asiye na kazi hapati kitu. Ati mtoto wa tajiri hula zaidi?

Watetezi wa sheria hizi hutukumbusha kwamba tangu 1975 ipo nafuu nyingine ya wafanyakazi wa kipato cha chini. Ni kweli, na imewafaa wengi. Husema pia kwamba alipaye kodi kubwa ndiye apunguziwaye zaidi. Hoja hii ingekuwa na uzito lau njia nyingine haijapata kujaribiwa. Mwaka 2021, chini ya Rais Joe Biden, Bunge liliondoa sharti la kipato kwa mwaka mmoja na kuipandisha nafuu hadi dola 3,600 kwa mtoto wa chini ya miaka 6 na dola 3,000 kwa waliomzidi umri. Kuanzia Julai hadi Desemba wazazi wakatumiwa fedha kila mwezi. Kwa kipimo cha idara ya sensa kinachohesabu pia misaada ya serikali, watoto maskini walishuka hadi asilimia 5.2. Bunge halikuuendeleza mpango huo, na mwaka 2022 wakarudi kuwa asilimia 12.4.

Sasa, ili kufidia sehemu ya mapato yatakayopotea, sheria ya 2025 imepunguza fedha za Medicaid, ambayo ni matibabu ya maskini, pamoja na za msaada wa chakula. Msamaha wa bakshishi utakoma mwisho wa 2028. Kodi ya makampuni, iliyoteremshwa mwaka 2017 kutoka asilimia 35 hadi 21, haikuwekewa ukomo wowote.